Mwezi wa Historia ya Weusi: tusome vitabu vilivyokataliwa, vilivyotiliwa shaka na vilivyochelewa

Mbeba Boksi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za huko. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nipo Cincinnati, Ohio. Huku Februari ni Mwezi wa Historia ya Weusi, na ikiingia tu shule zinapamba kuta. Juzi binti yangu wa darasa la nne karudi na karatasi ya kupaka rangi: nyuso nne, zilezile za mwaka jana. Nikamwonyesha mzee mmoja mwenye nywele timtim na ndevu nyeupe, nikamuuliza huyu alifanya nini. "Alikuwa mtumwa, halafu akawa huru." Basi. Mtu kaishi miaka 77, kaambulia sentensi moja.

Sikumlaumu mtoto. Mimi mwenyewe nimefika huku na hiyohiyo sentensi moja, na nyumbani nilisoma mpaka kidato cha sita. Ila nina kadi ya maktaba, ni ya bure, vitabu unaazima hadi kwenye simu, na zamu yangu ya usiku ghalani ina mapumziko ya nusu saa. Miaka minne iliyopita nikaanza na huyohuyo mzee, Frederick Douglass, kile kitabu alichoandika mwenyewe 1845. Si kirefu. Nilikimaliza kwa mapumziko tisa.

Mnajua alijifunzaje kusoma? Alipelekwa Baltimore akiwa mdogo kutumika kwenye nyumba moja. Mama mwenye nyumba akaanza kumfundisha herufi. Mume alipogundua akapiga marufuku palepale, akasema mtumwa akishajua kusoma hafai tena utumwa. Na kitoto kimesimama hapo hapo kinasikiliza! Yaani siri kapewa na adui yake mwenyewe. Tangu siku ile akawa akitumwa nje anabeba mkate. Ndani ya nyumba ile mkate ulikuwepo wa kutosha, na mtaani kulikuwa na watoto wa Kizungu wa kimaskini wanaolala njaa. Yeye anatoa mkate, wao wanamlipa herufi. Kuandika alijifunzia kwenye karakana ya kuunda meli: mafundi walikuwa wakiandika herufi juu ya mbao ili wajue kipande kipi kinakwenda kushoto mwa chombo, kipi kulia, kipi mbele. Akazikariri. Akikutana na mtoto anayejua kuandika anamchokoza, "Mimi nakushinda," anachora zile herufi zake nne kwa chaki kwenye uzio, mwenzake naye anaandika nyingine kumkomoa. Kumbe anafundishwa.

Mwaka uliofuata nikachukua cha Harriet Jacobs, 1861. Hicho kilinitesa. Huyu dada wa North Carolina alikuwa akiandamwa na bwana wake tangu ana miaka 15. Akatoroka, lakini hakwenda mbali: alijificha darini, juu ya kibanda cha stoo kwenye nyumba ya bibi yake. Urefu futi 9, upana futi 7, kimo futi 3 pale paa linapopanda zaidi. Hawezi kusimama. Panya wanampita mwilini, mvua ikinyesha inamvujia. Akapata keke, akatoboa tundu la kama inchi moja, hapo ndipo alipokuwa akiwaangalia wanawe wakicheza chini bila wao kujua mama yao yuko juu. Akaishi humo karibu miaka 7. Na bado akawa anaandika barua, anazipitisha kwa watu zikatumwe kutoka New York, ili bwana wake aende kumtafuta huko wakati yeye yuko mitaa michache tu kutoka kwake. Nilisoma hapo nikacheka peke yangu ghalani, msimamizi akanitazama.

Sasa kilichonikera. Kitabu hicho kwa zaidi ya karne moja wasomi wengi walidai ni hadithi ya kutunga, tena wakasema kalamu ni ya mama wa Kizungu aliyekihariri. Mpaka miaka ya 1980 mtafiti Jean Fagan Yellin alipochimbua barua na nyaraka, akaonyesha kuwa mambo yale yalitokea na mwandishi ni Harriet mwenyewe.

Toka hapo nikajiwekea utaratibu. Kila Februari vitabu viwili vya waandishi weusi, na kila kimoja nakiuliza: umefikaje mkononi mwangu? Nani alikukataa njiani? Maana naona safari ya kitabu chenyewe nayo ni historia, wakati mwingine kuliko hata yaliyomo ndani.

Mwaka huu nataka rafu yangu iwe na Kiswahili. Nipeni vya kwetu.

Nukta Pembeni

Nimeweka kambi hapa. Kahawa ninayo.

Kichwa Ngumu

Mkuu, kwa heshima zote, huo ni mwezi wa Wamarekani. Wamepewa mwezi mfupi kuliko yote, na wewe unashangilia. Sisi huku weusi ni miezi 12, hatuhitaji kukumbushwa. Halafu kitabu kimoja ni kilo tano za mchele. Nani anasoma?

Mbeba Boksi

Kichwa Ngumu, la mchele sina jibu. La mwezi ninalo: hawakupewa, walijichukulia. Aliyeanzisha ni Carter G. Woodson, 1926, na ilikuwa wiki tu. Wazazi wake walikuwa watumwa. Yeye kachimba makaa ya mawe West Virginia, sekondari kaanza akiwa na miaka 20, na 1912 akapata udaktari wa historia Harvard. Akachagua Februari kwa sababu weusi wa huku walikuwa tayari wakiadhimisha siku mbili za kuzaliwa ndani yake: ya rais Lincoln, tarehe 12, na ya Douglass, tarehe 14. Na hiyo ya Douglass ni ya kujichagulia, maana hakuwahi kuijua siku aliyozaliwa. Wiki ikaja kuwa mwezi, na serikali yao ikautambua 1976, miaka 50 baadaye. Kwa hiyo ufupi wa mwezi tusimlaumu mtu.

Mpita Kengeleni

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, upande wa Kisauni, na kila siku ya Mungu hupita pale makanga wanapoita "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria nusu ya gari hawajui jina limetoka wapi.

Limetoka kwenye kengele ya kweli. Pale palikuwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini kutoka kwenye majahazi. Kengele iliwekwa ya kuwaonya watu wakivamiwa. Watu wale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, kila kabila, wameokotwa huku na huku, hawana pa kurudi.

Sasa, mwana wa mmoja wao, James Mbotela, aliandika kitabu kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kikatoka 1934. Kuna wanaokihesabu riwaya ya kwanza ya Kiswahili, kuna wanaosema si riwaya ni masimulizi. Mimi hilo halinishughulishi. Kinachonishughulisha ni kwamba huyu kayasikia kwa wazazi, nyumbani, si kwenye maktaba.

Nikupe na dosari yake usije ukanilaumu. Sifa za Mwingereza zimejaa mpaka zinamwagika. Kilichapishwa London kwa njia za kimisheni, na nadhani hakikuwa na njia nyingine ya kutoka. Kwa hilo swali lako la "umefikaje mkononi mwangu", jibu la hiki ni kwamba kimefika kwa kuinama mlangoni. Kisome hivyohivyo. Mtu akisifu sana, angalia asemayo akipumzika kusifu: safari ya miguu hadi pwani, wasioweza kutembea wakiachwa njiani.

Bibi wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi Unguja. Wanangu mmetaja vya kale vyote, cha karibu mmekisahau. Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa. Kakiandika kwa Kiingereza 1994. Kiswahili chake kakitoa Ida Hadjivayanis 2022, Mkuki na Nyota wakakichapisha Dar es Salaam.

Hesabu wenyewe: miaka 28. Riwaya ya watu wa mwambao, majina ya mwambao, maneno ya mwambao yamechomekwa humo kwenye Kiingereza, na watu wa mwambao hawawezi kuisoma kwa lugha yao. Mpaka Nobel ije 2021 ndiyo tukakumbuka kwamba tuna mtoto.

Humo mna kijana Yusuf, miaka 12. Anapandishwa gari la moshi na ami yake tajiri, yeye furaha tupu, anadhani ni matembezi. Hapana. Baba yake kashindwa kulipa deni, kamtoa mtoto rehani. Na wa kumfumbua macho ni Khalil, kijana mwenzake dukani, naye yumo rehani vilevile: yule si ami yako. Mimi nilikiweka kitabu chini nikatoka uani. Neno rehani nimelisikia tangu utoto, la dhahabu, la nyumba. Sikuwahi kulifikiria la mtoto.

Kichwa Ngumu

Bibi shikamoo. Naona mnazunguka tu. Mkitaka historia ya weusi kwa Kiswahili, iliyoandikwa na mwenye mambo yake, someni Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Mzaliwa wa Unguja, kaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake, mapema karne ya 20. Pembe za ndovu, misafara, bunduki, watumwa. Naye mweusi. Mtamweka kwenye rafu ya Februari? Au mnaweka waliouzwa tu, waliouza mnawafunika shuka?

Mpita Kengeleni

Haya, leo umesema la maana.

Mbeba Boksi

Kichwa Ngumu umenikalisha chini. Nimelala nalo.

Namweka. Lakini namweka ubavuni mwa Mbotela, wasomwe pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Mmoja anahesabu msafara kwa frasila, mwingine anahesabu nani hakufika. Ukimsoma Tippu Tip peke yake utadhani ni hadithi ya mtu jasiri anayefanya biashara bara. Hasemi uongo sana, ila watu wa kubeba mizigo yake hawana majina. Na wale wasio na majina ndio waliokuja kuwa mabibi na mababu wa watu wa Frere Town, au waliopelekwa mnadani Mkunazini mpaka soko lilipofungwa 1873.

Kijana wa Geto

Muhtasari hakuna? Bandiko refu kama treni.

Mzee wa Mlimani

Kijana, treni ndefu ndiyo inayobeba watu wengi. Panda.

Nimesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini, kwa hiyo mniruhusu nami. Kitabu cha Walter Rodney, kile cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mnakijua wote kwa jina. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba mtu wa Guyana alikiandikia Mlimani, pale pale chuoni, na 1972 kikachapwa kwa ushirikiano wa nyumba mbili: Bogle-L'Ouverture ya London, iliyokuwa ya weusi wenyewe, na Tanzania Publishing House. Maneno ya mwisho kitabuni ni ya Abdulrahman Mohamed Babu. Nakala yangu imeliwa na mchwa upande mmoja, lakini inasomeka. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown, Juni 1980, ana miaka 38. Kwa umri huo mimi nilikuwa bado natafuta uhamisho.

Lakini cha kwetu kilichochelewa kuliko vyote ni cha mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Sikilizeni vizuri hii. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, hadithi ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaotafuta mtoto. Humo mna kilimo, uvuvi, ulevi wa pombe ya ndizi, ugomvi wa wakwe, dawa, mazishi, kila kitu cha kisiwa kile kabla Mzungu hajaja. Akatafuta wa kumchapia. Kikerewe? Nani atanunua? Miaka ikapita. Mzee akakaa chini akakitafsiri chote mwenyewe kwa Kiswahili, na ni kitabu kizito cha kuegemezea mlango. Tanzania Publishing House ndio waliokikubali, kikachapwa China, kina tarehe ya 1980. Nakala zilipofika nchini, 1981, mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Miaka 35 na zaidi, na hakukishika mkononi.

Nukta Pembeni

Mzee, hapo umeniumiza.

Mama Wawili

Shikamoo Mzee, shikamoo Bibi. Mimi nipo London. Huku mwezi wetu ni Oktoba, toka 1987, kwa hiyo nasoma uzi huu nikijiandaa mapema. Swali langu ni la watoto. Wangu wana miaka 5 na 8, Kiswahili wanaelewa nikigomba tu. Mambo ya darini na rehani siwezi kuwasomea kabla ya kulala. Mna kitu?

Mbeba Boksi

Mama Wawili, kipo, nacho kina mkasa wake. Nilikiokota maktaba hapa mtaani. Kinaitwa Moja Means One, cha Muriel Feelings, 1971, michoro ya mumewe wakati ule, Tom Feelings. Wote Wamarekani weusi. Muriel aliwahi kufundisha Uganda. Ni kitabu cha watoto cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja mpaka kumi. Basi!

Fikiria miaka ile. Hao ni watu ambao lugha za babu zao zilikatwa mdomoni, hawajui walitoka kabila gani, wakaamua watoto wao wajifunze kuhesabu kwa lugha ya Kiafrika, na wakachagua hii yetu. Ndiyo miaka ileile waliyoanzisha sikukuu yao ya Kwanzaa, 1966, na zile nguzo saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mshairi mmoja wa Chicago akaacha jina lake akajiita Haki Madhubuti.

Na mimi niliyezaliwa nalo? Binti yangu alikuwa anafika tatu anahamia Kiingereza. Tumekaa naye kochini, yeye anasoma, mimi namrekebisha "nne", maana anaitamka kama "ene". Alipofika kumi akaniuliza, "Baba, kwa nini huyu mama anajua namba zetu?" Nikakaa kimya kidogo. Namba zetu, kasema.

Mama Wawili

Nimeshaweka oda.

Mpita Kengeleni

Mbeba Boksi, ulisema vitabu viwili kwa mwaka. Baada ya hao wawili wa utumwa ulisoma nini?

Mbeba Boksi

Mwaka wa tatu nilisoma kimoja tu, nikashindwa kuendelea na kingine. Toni Morrison, riwaya yake ya 1987. Niliichukua kwa sababu ya mto.

Hapa Cincinnati mji unaishia Mto Ohio. Ng'ambo ni Kentucky. Zamani upande ule ulikuwa wa utumwa, upande huu huru. Siku za baridi kali nikitoka zamu napita kando ya mto asubuhi, maji yana rangi ya zege, upepo unakata masikio. Januari 1856 mto huu uliganda, na usiku mmoja mama anayeitwa Margaret Garner akauvuka kwa miguu juu ya barafu, na mumewe, wakwe zake na watoto wanne. Wakafika. Wakajificha kwenye nyumba ya jamaa yao hapa mjini. Asubuhi nyumba ikazingirwa. Alipoona wanaingia, alimuua binti yake mdogo kwa kisu asirudishwe utumwani. Kesi ikawa kubwa, na mabishano mahakamani yalikuwa haya: ashitakiwe kwa mauaji, yaani ahesabiwe mtu, au arudishwe Kentucky kama mali iliyopotea? Sheria ya watoro ya 1850 ikashinda. Akarudishwa kama mali, akapelekwa kusini zaidi, akafa kwa homa ya matumbo 1858.

Morrison, ambaye naye ni wa Ohio hii hii, aliikuta habari hiyo kwenye gazeti la zamani alipokuwa mhariri New York. Mhariri mweusi kwenye nyumba kubwa ya vitabu, miaka ile, walikuwa wa kuhesabu. Angekaa mtu mwingine kwenye kiti kile, gazeti lile lingefungwa likarudi kabatini. Ndivyo ninavyokisoma.

Sikumaliza haraka. Kuna siku nilikuwa nafunga simu naangalia tu maboksi yakipita.

Mwaka wa nne, yaani mwaka jana tu, Zora Neale Hurston. Na hapa nataka Mzee wa Mlimani asikilize. Huyu dada 1927 alikwenda Alabama, nje ya mji wa Mobile, kumtafuta mzee anayeitwa Cudjo Lewis, jina lake la kwao Kossola. Alikuwa mmoja wa waliobaki wa meli ya mwisho inayojulikana kuleta watumwa Marekani, Clotilda, 1860, wakati kuingiza watumwa kutoka nje kulishapigwa marufuku toka 1808. Kossola alikumbuka kwao, alikumbuka shambulio la askari wa Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, alikumbuka jina la mama yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha na wakawa huru, wenzake walitaka kurudi, nauli hawana. Wakanunua ardhi, wakajenga kijiji wakakiita mji wa Waafrika. Zora alikuwa akimpelekea pichi na nyama ya nguruwe ya kukausha. Siku nyingine mzee hataki kuongea, wanakula tikiti maji tu, Zora anaaga anaondoka.

Akaandika yote kama mzee alivyosema, kwa lafudhi yake, na sarufi yake. Wachapishaji wakamwambia abadilishe aweke Kiingereza safi. Akakataa. Kitabu kikatoka 2018. Kossola alikufa 1935, Zora 1960, kaburi lake halikuwa hata na jiwe mpaka mwandishi Alice Walker alipokwenda kulitafuta 1973.

Kitereza na Zora, hawajuani, mmoja Ukerewe mmoja Florida, wote wameambiwa lugha yako haifai.

Mzee wa Mlimani

Nimesikia, mwanangu.

Mpita Kengeleni

Hilo la lafudhi linatuhusu watu wa Mvita. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa karatasi yake "Kenya: Twendapi?" Akatunga mashairi gerezani kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka 1973, Sauti ya Dhiki, kwa Kimvita chake, si sanifu ya vitabu vya shule. Mwaka uliofuata akapewa tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Mwalimu wangu alikuwa akitusahihisha "ndoo" kuwa "njoo", na kwenye kabati lake hicho kitabu kipo.

Mtoto wa Katanga

Jambo kwenu bandugu. Mimi natoka Lubumbashi, sasa niko Louisville, Kentucky, ng'ambo ya huo mto wa Mbeba Boksi. Kiswahili chetu mnakichekaga, lakini leo mtanisikiliza.

Mwaka 1965 kule kwetu, mji ukiitwa bado Elisabethville, chama cha waliokuwa maboyi, wale wa kupika na kufua kwa Wazungu, walimpa mwenzao André Yav kazi ya kuandika historia ya mji. Akaandika kwa Kiswahili cha Katanga, vile kinasemwa, bila kumuuliza mwalimu yeyote. Mji ulianzaje, nani alikuja, nani aliitwa nani, boyi aliona nini ndani ya nyumba ya bwana. Kijitabu kidogo, cha kusomwa kwa sauti. Profesa Johannes Fabian alikikuta, akakitoa 1990 na tafsiri.

Boyi anajua yote, bandugu. Anajua bwana anakula nini na anadaiwa na nani. Babu yangu alikuwa boyi. Alikufa sijamuuliza kitu.

Bibi wa Ng'ambo

Mwanangu wa Katanga, hapa hapana wa kukucheka. Tuwekee hata kipande kimoja siku moja, tukisome kwa sauti kama kilivyotakiwa.

Mbeba Boksi

Taarifa fupi, wiki tatu baadaye. Rafu ya mwaka huu: Mbotela na Tippu Tip bega kwa bega, nimewapata kwa mkopo kutoka maktaba ya chuo cha mbali, wakaletwa mpaka tawi la mtaani bila senti tano. Peponi ipo njiani na mgeni anayetoka Dar. Kitereza nimeambiwa nisubiri.

Binti kamaliza ile karatasi. Sentensi tatu za Douglass kaandika zote kuhusu mkate. Imerudi na alama ya kuuliza nyekundu pembeni: mkate? Anataka kwenda nacho kitabu shule Jumatatu, akawaonyeshe ukurasa.

Kichwa Ngumu

Sikutaka kurudi hapa lakini nimerudi.

Jana nimepita kwa wauza vitabu vya mtumba, Posta. Nimeokota Kuli ya Adam Shafi, haina jalada, kurasa za mwanzo zimeungwa kwa selotepu. Kataja elfu tano, nikatoa tatu. Kuna mwanafunzi alikuwa nacho kabla yangu, kila pembe kaandika kwa penseli: "wahusika", "ujumbe", "swali la mtihani!!" Shule mimi nilisoma maswali na majibu tu, kitabu chenyewe sikuwahi kukigusa.

Leo kwenye mwendokasi nimepitiliza kituo. Rashidi ndiyo kwanza anaingia kazi bandarini, walewale waliombebesha baba yake. Najua kuna mgomo mbele, yule mwanafunzi kauandika pembeni, mjinga yule.

Msinimalizie.